"Hao wanaoimba si wa huku": hotuba na filamu za zamani kama ushahidi

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Dodoma na utafiti wangu ni kuhusu Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijijini, katika mkoa huu. Sina fedha za kuzunguka, kwa hiyo nimekusanya hotuba 11 za Mwalimu Nyerere na filamu tatu za zamani, zote nimezitoa YouTube. Msimamizi wangu amezikataa, kasema YouTube si chanzo. Likizo nilipokwenda nyumbani Bahi nikamwonesha bibi filamu mojawapo kwenye simu. Watu wanahamia kijiji kipya, wanaimba na kupiga ngoma. Bibi akaangalia kidogo akasema, 'Hao wanaoimba si wa huku. Nguo zao hazina vumbi.' Halafu anasema yeye alihamishwa kabla baba mdogo hajazaliwa, na baba mdogo kazaliwa 1972, wakati filamu inasema watu walihamia 1974. Bibi ana miaka zaidi ya 80, nahofia kasahau. Nimwamini nani? Na je, hivi vitu vinafaa kwa utafiti au niachane navyo?"*

Marahaba. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natabasamu, kwa sababu kazi ngumu kuliko zote katika utafiti wako imeshafanyika, na aliyeifanya ni bibi. Wewe umeangalia filamu ukaona watu wanahama. Yeye ameangalia nguo. Nina wanafunzi wa shahada ya pili ambao hawajafika hapo.

Nianze na yeye, maana ndiye anayeelekea kudhulumiwa. Umejifunza darasani kwamba Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia kijijini. Filamu yako nayo inasema 1974. Ukiviweka pamoja, bibi anaonekana amechanganya mambo. Lakini Dodoma haikungoja 1973. Operesheni Dodoma ilikuwa 1970 hadi 1971, kabla ya operesheni ya nchi nzima, na katika kipindi hicho Mwalimu mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino akashiriki kazi ya kujenga kijiji. Mtu aliyehamishwa Bahi kabla ya mwanawe wa 1972 kuzaliwa anaingia humo bila shida yoyote. Aliyeteleza hapa ni wewe, uliyechukua mwaka wa nchi nzima ukaupachika kwenye boma la bibi yako.

Usijilaumu sana. Sote tunapewa sauti nzito ya msimulizi wa filamu upande mmoja na mzee anayetafuna maneno upande mwingine, na masikio yanakimbilia kwenye sauti nzito. Ila jiulize: ile 1974 iko wapi kwenye picha? Haipo. Picha inaonesha lori, vyombo, kuku aliyefungwa miguu, watoto. Mwaka ameusema msimulizi, ambaye huenda alikaa studio miezi au miaka baadaye akisoma karatasi. Yaweza kuwa picha ni za 1974 kweli, lakini za mkoa mwingine. Yaweza kuwa ni za Dodoma za miaka ya nyuma, zikaunganishwa na maneno ya baadaye. Picha haisemi tarehe wala mahali. Hayo huongezwa na mtu, na mtu huyo ndiye wa kumtafuta.

Tarehe ya bibi nayo imefungwa mahali, na imefungwa vizuri kuliko ya msimulizi: imefungwa kwenye uzazi. Wazee wa Ugogo hawatunzi miaka kwa kalenda ya ukutani. Njaa kubwa ya 1918 hadi 1920 mpaka leo inaitwa Mtunya, na waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wanahesabu kuanzia hapo kwa sababu waliwasikia wazazi wao wakihesabu hivyo. Kwa hiyo usimuulize bibi "mwaka gani?" Muulize alikuwa na mimba ya nani, njaa gani ilikuwa imepita, ng'ombe walikuwa wangapi, tembe waliloliacha lilibomolewa au lilibaki likaanguka lenyewe. Majibu hayo yataleta mwaka, na yataleta mengine zaidi ya mwaka.

Sasa msimamizi wako. Ana haki nusu. Kusema "chanzo changu ni YouTube" ni sawa na kusema "chanzo changu ni kabati". Tunachotaka kujua ni kilichomo kabatini kilitoka wapi. Nani alirekodi? Alitumwa na nani? Alitarajia nani aone au asikie? Ni kipande au ni kitu kizima? Aliyekiweka mtandaoni alikipata wapi, na amekigusa? Hotuba ya Mwalimu ya dakika nne yenye kinanda cha huzuni chini yake si hotuba ya Mwalimu. Ni kazi ya mtu wa leo aliyetumia sauti ya Mwalimu. Ukiipeleka kwa msimamizi kama hotuba ya 1974, ana kila sababu ya kukurudishia.

Mimi mwenyewe nimeshaumbuka. Miaka mingi iliyopita rafiki alinipa kaseti ya zamani, juu imeandikwa kwa kalamu ya wino, "Mwalimu 1972". Nikaisikiliza, nikafurahi, nikainukuu kwenye makala, nikaenda kuisoma makala hiyo mbele ya watu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono, akasema kwa upole, "Mwalimu, hiyo kaseti ninayo. Katikati pale anataja CCM. CCM ya 1972 ilikuwa wapi?" Chumba kizima kilicheka. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP zilipoungana. Nilikuwa nimeisikiliza hotuba ile mara nne, na mara zote nne nilikuwa nasikiliza hoja tu, sisikilizi saa.

Tangu siku hiyo, kabla sijaandika neno, nasikiliza rekodi mara moja nzima nikitafuta tarehe tu. Anasema TANU au CCM? Jirani yetu wa magharibi anamwita Zaire? Basi ni kati ya 1971 na 1997. Anataja Rhodesia kama nchi ya kukombolewa, au Zimbabwe kama nchi iliyokwisha kuwa huru, yaani baada ya 1980? Anazungumza kama Rais, au kama mtu aliyekwisha kung'atuka, yaani baada ya Novemba 1985? Fanya hivyo kwa hotuba zako 11. Nakuhakikishia mbili au tatu zitabadilika umri.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wa rika lako hulisahau kwa sababu wamezaliwa na televisheni sebuleni. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, lakini huku kwetu, wakati bibi anahamishwa, taifa lilikuwa linasikia, haliangalii. Mwalimu aliingia kwenye boma kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ya betri iliyoning'inizwa mtini, watu wameizunguka. Ndiyo maana sauti zake zimebaki nyingi na picha chache. Basi filamu zako tatu zilitengenezwa ili nani azione? Sikiliza lugha ya msimulizi. Akisema Kiingereza, hakuwa anamwambia bibi yako kitu. Picha nyingi za habari za miaka ile zilipigwa na mashirika ya nje kwa ajili ya watazamaji wa nje. British Pathé pekee waliweka mtandaoni filamu 85,000 mwaka 2014, za pembe zote za dunia, na sisi tumo humo tukitazamwa kutoka London. Akisema Kiswahili, yaelekea filamu ilikusudiwa kuzungushwa kwa gari la sinema, kitambaa cheupe kikitundikwa uwanjani jioni, na kazi yake ilikuwa kushawishi watu. Mtindo huo wa kumfundisha mwanakijiji kwa sinema ni wa zamani kuliko Uhuru. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha majaribio Vugiri, kule Usambara, wakitengeneza filamu za kilimo na afya na kuzizungusha Afrika Mashariki.

Nifafanue sasa kwa nini picha inatushinda nguvu, maana hapa ndipo kiini cha kazi yako.

Kila mwaka darasani nafanya mchezo mmoja. Nina video ya dakika moja na nusu niliyoipiga kwa simu Soko la Majengo. Mama anapanga zabibu kwenye ungo. Mkokoteni unapita. Mama anainua uso, anaangalia pembeni, anafuta jasho kwa ncha ya kanga. Basi. Nusu ya darasa naitoa nje. Waliobaki nawaonesha video hiyo na sauti yangu niliyorekodi ikisema kwamba zabibu zimebadilisha maisha ya wanawake wa Dodoma. Wakitoka wanaingia wenzao, wanaona picha zile zile, sauti ile ile yangu, ila sasa inasema wauza zabibu wanashinda juani bila kivuli wala choo. Kisha wote wanaandika yule mama alikuwa na uso gani. Kundi la kwanza huandika: ametulia, anajiamini, anasubiri wateja. Kundi la pili: amechoka, ana wasiwasi, analia kimoyomoyo. Kuna mwaka binti mmoja aligoma kabisa kukubali kuwa ni video moja, mpaka nikampa simu aangalie mwenyewe. Mama yule, kwa taarifa yako, alikuwa anamtafuta kwa macho mwanawe aliyemtuma kuvunja noti.

Jambo hili sikulivumbua mimi. Mtengeneza filamu mmoja wa Urusi, Lev Kuleshov, alikwisha kulionesha miaka 100 hivi iliyopita: uso ule ule wa mwigizaji, ukifuatiwa na bakuli la supu, watu wanaona njaa, ukifuatiwa na jeneza, wanaona msiba. Akili yetu haivumilii vitu viwili vilivyofuatana bila uhusiano. Ikionyeshwa picha mbili, inashona. Mhariri wa filamu anakata tu. Anayeshona ni mtazamaji, na kwa kuwa ameshona mwenyewe, anaamini ameona.

Kwa hiyo filamu iangalie mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Mara ya pili funga macho, usikilize tu. Mara ya tatu ndiyo uviunganishe. Chukua daftari, piga mistari, upande mmoja dakika na sekunde, katikati unachoona, upande wa mwisho unachosikia, na usiruhusu neno la msimulizi livuke kuingia safu ya picha. Kama picha ni trekta limesimama, andika "trekta limesimama". Usiandike "maendeleo ya kilimo".

Na filamu ya bibi ina mtihani wake maalumu. Angalia kama wale waimbaji na zile familia zinazoshusha vyombo zinaonekana pamoja kwenye picha moja, hata mara moja. Mpiga ngoma na lori kwenye fremu moja. Kama hawapo pamoja popote, kama kila mara ni waimbaji, halafu inakatwa, halafu lori, basi hujui kama walikuwa siku moja, wala kijiji kimoja. Tazama pia vivuli: virefu kwa waimbaji na vifupi kwa lori maana yake ni saa tofauti. Hapo ndipo neno la bibi kuhusu vumbi litakapoacha kuwa neno la bibi tu na kuwa dai unaloweza kulipima.

Usikimbilie kusema filamu ni ya uongo, hata hivyo. Inawezekana waimbaji walikuwa kikundi cha ngoma kilicholetwa kumpokea mgeni, na kweli mgeni alifika, na kweli waliimba. Inawezekana walikuwa wa kijiji hicho hicho ila walikuwa wameambiwa tangu jana wafue. Watu waliovaa nguo safi kwa amri ya katibu kata ni ukweli wa kisiasa mkubwa kuliko hata kuhama kwenyewe. Na bibi naye ana haki ya kupimwa. Kumbukumbu inahaririwa kama filamu: uchungu unakata hapa, hadithi za jirani zinaunga pale, na siasa za baadaye zinaweka sauti ya msimulizi. Mzee akikuambia alichoona, chukua kwa uzito. Akikuambia kilichotokea wilaya nzima, muulize alikisikia kwa nani.

Hotuba ni habari nyingine, na hapa nataka kuondoa kosa ambalo nalisoma kwenye kila rundo la tasnifu. Mwanafunzi ananukuu, "Mwalimu alisema watu wahamie kwa hiari," kisha anahitimisha, "kwa hiyo watu walihamia kwa hiari." Hapana. Hotuba inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba maneno hayo yalisemwa, siku hiyo, mbele ya watu hao. Haithibitishi kwamba yalitekelezwa. Ukiitaka ikueleze kilichotokea Bahi, itakudanganya bila hata msemaji kuwa mwongo.

Lakini ukiiuliza inachokijua, ni hazina. Kwenye maandiko ya Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini msisitizo ni hiari, watu wasilazimishwe. Novemba 1973 ni amri. Kati ya neno "hiari" na neno "amri" kuna miaka sita, na hakuna filamu itakayokuonesha lilivyogeuka. Hotuba zitakuonesha. Chukua zilizobaki baada ya kuzisahihisha tarehe, uzipange kwa mfuatano, usikilize maneno machache tu: hiari, kushawishi, lazima, amri, serikali, chama, "sisi", "wao". Anasema "tuhamie" au "wahamie"? Kiambishi kimoja. Umbali wote wa kiongozi na watu wake unaweza kukaa kwenye kiambishi kimoja, na ndiyo raha ya kutafiti siasa kwa Kiswahili.

Hapa sauti inashinda karatasi. Mikusanyo mikubwa ya hotuba za Mwalimu, ile iliyotoka 1966, 1968 na 1973, ni ya Kiingereza. Ukiinukuu kwenye tasnifu ya Kiswahili unarudisha Kiswahilini maneno ambayo mara nyingi yalianza kwa Kiswahili, na yanarudi yamechakaa. Isitoshe karatasi haina kicheko. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuuliza swali, kunyamaza, kuacha watu wajibu au wacheke, kisha kuendelea kutoka hapo. Kwenye maandishi unaona sentensi mbili zimefuatana. Kwenye sauti unasikia sekunde tatu za ukimya, na katika sekunde tatu hizo umati umefanya siasa.

Hata nukuu tunazozijua kwa moyo zinahitaji sikio. Ile hotuba ya Novemba 1978 kwa wazee wa Dar es Salaam, ya kumpiga Idi Amin: waulize watu watano uwezo, sababu na nia zilifuatana vipi. Utapata mpangilio zaidi ya mmoja, na kila mtu ataapa. Nenda kasikilize.

Ila uwe mwangalifu na makofi. Kipaza sauti kiko mdomoni kwa msemaji, hakiko mguuni kwa mkulima aliyekaa chini ya mbuyu. Manung'uniko hayarekodiwi, makofi yanarekodiwa kwa sababu ni makubwa. Fundi mitambo anaweza kuyapandisha au kuyashusha. Na kwa mkoa wetu ongeza swali la lugha: kina mama wengi wa Kigogo wa wakati ule hawakuwa na Kiswahili cha kufuata hotuba ya saa nzima. Je, kulikuwa na mkalimani? Kama alikuwepo na humsikii kwenye rekodi, basi kuna mtu amemkata, na kilichosikika kijijini hakikuwa unachosikia wewe.

Ukitaka kuona filamu na hotuba zikipigana uso kwa uso, unao mfano wa karibu zaidi: sakata la mapanki. Mwaka 2004 mwongozaji wa Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu kuhusu biashara ya sangara Mwanza, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mifupa na vichwa, yaani mapanki, vinabaki, na juu ya hayo yote swali la ndege hizo zinakuja na nini. Ilisifiwa sana nje. Mwaka 2006 Rais Kikwete akatumia hotuba yake kwa Taifa kuipinga, Mwanza kukawa na maandamano, na ubishi ukafika mpaka mahakama za Ufaransa baada ya mwanahistoria mmoja wa huko kumshutumu mwongozaji, naye akamshtaki kwa kumchafua. Wanafunzi hupenda kuniuliza nani alikuwa sahihi. Mimi nawaambia wachukue kila dai kivyake. Kwamba mapanki yalikuwepo na yalianikwa, picha inaonesha. Kwamba ndio chakula cha Watanzania wa Mwanza, hilo ni dai la mshono, na mshono unapimwa kwa kuhesabu na kuuliza. Halafu hotuba ya Rais nayo iwekwe mezani: inajibu kipi, inaruka kipi, inaongea na nani, mvuvi au mtalii? Jiulize pia ni wangapi kati ya walioandamana, na kati ya walioisifu filamu, walioiangalia kazi ile mpaka mwisho.

Na wewe unaishi Dodoma, jiji lenye Bunge, halafu unafanya mazoezi YouTube! Wakati wa kikao, beba kitambulisho, vaa vizuri, nenda kakae jukwaa la wageni asubuhi moja. Andika unachoona: nani amesinzia, nani ametoka, nani anazomea bila kipaza sauti. Jioni angalia taarifa ya habari ya kikao hicho hicho. Baadaye soma Hansard yake, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ambayo Bunge huiweka kwenye tovuti yake. Utakuwa na siku moja katika sura tatu, na hakuna sura inayofanana na nyingine. Kumbuka pia kwamba Spika anaweza kuagiza maneno yafutwe kwenye Hansard, lakini aliyekuwa amekaa pale juu ameshayasikia. Januari 2016, serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama, mabishano makali yalihusu hasa jambo hili: nani anashika mkasi kati ya mbunge na mpiga kura.

Kuhusu sauti za kutengenezwa kwa kompyuta sina mengi. Zipo, zinazidi kuwa nzuri, na Mwalimu ni mmoja wa wanaosemeshwa. Klipu ikianza katikati, isipokuwa na tarehe wala mahali, na ikisema kitu kinachowafaa mno wanaobishana wiki hii, iache mpaka uipate nzima kwa mtunzaji anayejulikana.

Basi ufanye nini? Njia moja ni kuziacha rekodi zote na kubaki na mahojiano. Ni safi, lakini inataka nauli na muda, na umesema huna. Ya pili ni kubaki na rekodi, na kubadili swali: badala ya "watu walihamishwaje?" uulize "serikali ilimwelezaje mwananchi kuhama, na maelezo yalibadilikaje kati ya 1967 na 1976?" Swali hilo rekodi zinalijibu kwa halali, na msimamizi hatakuwa na la kukataa. Ya tatu, ambayo ningeichagua mimi, ni ya pili na kipande kidogo cha ya kwanza: hotuba tatu tu kati ya 11, filamu moja, na wazee watano au sita wa kijiji kimoja unaowaonesha filamu ile na kuwaacha waongee juu yake. Utaona kwamba mzee ukimuuliza "ilikuwaje?" anatoa jibu fupi la heshima. Ukimwonesha picha, anaanza kubishana nayo. Ubishi huo ndio data yako. Hasara yake ni kwamba picha inaweza pia kumtia maneno mdomoni, kwa hiyo msikilize kwanza bila filamu, kisha nayo. Na usidharau unukuzi: saa moja ya hotuba, neno kwa neno pamoja na vicheko, mimi hunila saa nne hadi sita. Ndiyo maana nasema tatu.

Yapo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kwa asili ya rekodi, andika barua rasmi ya chuo kwenda TBC, ambako hazina ya Radio Tanzania imebaki, na kwa Idara ya Habari Maelezo; nenda mwenyewe, usiishie kwenye barua, kwa sababu mtunza maktaba mzee atakuonesha boksi ambalo halimo kwenye orodha. Kwa mahojiano usianze bila kibali: barua ya chuo, ofisi ya mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Kama Kigogo chako ni cha salamu tu, tafuta mtu wa kukaa nawe, na asiwe mtoto wa mwenyekiti. Ukitaka kuonesha vipande vya filamu hadharani, pita COSOTA, taasisi ya hakimiliki, kwanza uulize habari ya haki. Na mzee akianza kutetemeka au kulia, zima simu, funga daftari, kaeni tu. Wapo walioacha makaburi ya watoto kwenye maboma yale. Siku hiyo hakuna utafiti, na kama hali ni nzito zungumza na nduguze na msimamizi wako kabla hujarudi pale.

Kwa msimamizi rudi na ukurasa mmoja: kila rekodi, nani aliitengeneza, lini kwa ushahidi gani, kwa ajili ya nani, umeipata wapi, imekatwa wapi. Palipo tupu paache tupu. Usimtetee YouTube mbele yake, mtamaliza saa nzima bure.

Bibi mpe shikamoo zangu. Na kabla hujamwonesha tena ile filamu, muulize wao siku walipofika kule walikuwa wamevaa nini, na kama kuna mtu yeyote aliyeimba.